Chundwa na Waulizaji wa Soko

Kazi ya kuwauliza watu wanataka nini, kwa bei gani, na kwa nini wamekiacha leo walichokigombania jana, siku hizi ina ofisi zake mjini Nairobi, ina chama chake na vyeo vyake, na mtu anayeibeba tangu siku mteja anapoleta swali mpaka siku anapokabidhiwa jawabu huitwa meneja wa mradi wa utafiti wa soko. Wenye kazi hiyo wakiulizwa nasaba yake aghalabu huitaja Marekani na mwaka 1911, ambapo kampuni ya uchapishaji ya Curtis ilimwajiri Charles Coolidge Parlin afungue idara ya kuchunguza hali ya biashara, kisha hushuka kwa George Gallup na taasisi yake ya mwaka 1935, kisha hujitaja wenyewe. Nasaba hiyo ni sahihi kwa upande wa cheo. Kwa upande wa kazi ina pengo kubwa, maana pwani ya Waswahili ilikuwa imekwisha kuulizwa, kujaribiwa kwa vipande vya nguo na kuandikwa katika madaftari ya ng'ambo kwa zaidi ya miaka sabini kabla Parlin hajakalia kiti chake. Katika pwani hiyo nimekichagua kijiji kimoja, Chundwa cha kisiwa cha Pate, niitazame kazi hii kutoka upande wa anayeulizwa, upande ambao waandishi wa historia ya biashara huupita upesi.

Chundwa iko kisiwa kimoja na Faza, Kizingitini, Mbwajumwali na Siyu. Wenyeji wake ni Wabajuni, ambao vitabu vya zamani huwaita Watikuu, na riziki yao kwa karne nyingi imetoka baharini, mashambani na mikokoni. Mgeni anayetoka Amu, yaani mji wa Lamu, kwa mashua hupita Mkanda, mlango mwembamba baina ya Manda na bara ambao haupitiki maji yakiwa yametoka, huteremka Mtangawanda, na kutoka hapo hushika njia ya nchi kavu; na yeyote aliyewahi kuipanga safari hiyo anajua kwamba saa ya kuondoka haiwekwi na abiria wala na nahodha, huwekwa na maji. Jambo hili la maji laonekana dogo hapa, lakini tutaona mbele jinsi lilivyoamua ni nani aulizwe na ni nani aachwe.

Biashara iliyozifunga bandari ndogo za visiwa hivi na nchi za mbali ilikuwa ni ya miti ya mikoko. Lamu peke yake ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na kabla ya zama za saruji nyumba za Kuwait, Bahrain na Basra, mahali ambapo mti mnyofu ulikuwa adimu kuliko lulu, zilitandazwa dari kwa boriti zilizokatwa katika mikono ya bahari ya pwani yetu. Majahazi ya Waarabu na Waajemi yalishuka kwa kaskazi yakiwa na tende, chumvi na mazulia, yakarudi kwa kusi yamesheheni miti. Alan Villiers, baharia wa Australia aliyesafiri mwaka 1938 na 1939 ndani ya jahazi la Kuwait chini ya nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi, ameieleza safari hiyo jinsi ilivyopita Lamu, Mombasa na Unguja, ikaishia katika delta ya Rufiji, na shehena iliyofuatwa huko kote ilikuwa ni hiyo hiyo ya boriti.

Sasa na tuitazame mali yenyewe kwa karibu. Mkataji hakuuza mti tu. Aliuza fito, au pau, au mazio, au boriti, au nguzo, au vigingi, kila jina na unene wake, kuanzia fito zinazoshikika baina ya vidole mpaka vigingi visivyozungukwa na viganja viwili, na hesabu yake ilikwenda kwa korija, yaani miti 20 kwa fungu. Mipaka hiyo ya unene haikutungwa na mkataji kwa raha yake. Ndani yake yalikuwamo mahitaji ya mwashi wa Ghuba, upana wa chumba chake na uzito wa dari yake ya udongo, mahitaji yaliyosafiri miezi baharini mpaka yakafika kwenye ncha ya shoka la mtu wa Pate. Na urefu wa boriti ndio uliovifanya vyumba vya nyumba za mawe za Amu kuwa virefu na vyembamba, kwa kuwa dari haiwezi kuvuka mbali kuliko mti unaoibeba. Mtu wa visiwani aliyetaka kujua Kuwait wanajenga namna gani mwaka huo hakuhitaji ripoti: aliangalia lundo gani limepakiwa kwanza na lipi limeachwa mchangani.

Bidhaa iliyokuja kwa upande wa pili, yaani nguo, ndiyo iliyozaa waulizaji wa kwanza wenye kalamu. Marekani ilifunga mkataba wa biashara na Sultani Sayyid Said mwaka 1833 kwa mkono wa Edmund Roberts, na mwaka 1837 Richard Waters wa mji wa Salem akafika Unguja na cheo cha balozi, ingawa muda wake mwingi ulikwenda katika tijara, akisaidiwa na Jairam Shivji aliyeshika forodha ya Sultani. Nguo iliyoletwa kutoka viwanda vya Massachusetts, nzito, nyeupe isiyopaushwa, ilipendwa hata ikapewa jina la nchi yake, merikani, na jina hilo halijafutika hadi leo. Wafanyabiashara wa Salem walikuwa na hazina moja waliyoitunza kuliko fedha, nayo ni barua za mawakala wao: nguo ipi imekwenda, ipi imelala ghalani, upana gani unatakiwa, mnunuzi amekunja uso kwa sababu gani. Viwanda vya Uingereza vilijaribu kuiga nguo ile, lakini havikuweza kuiondoa. Kilichoiondoa ni vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya mwaka 1861 hadi 1865, vilivyokausha pamba na kupandisha bei, na baada ya hapo viwanda vya Bombay, ambavyo cha kwanza kilianza kazi miaka ya 1850, vikajifunza uzito ule ule na mguso ule ule, mpaka katika miaka ya 1880 vikaushika mkia wa soko lote la Afrika ya Mashariki.

Wageni waliokwenda bara walilijua somo hili kwa uchungu. Richard Burton, aliyetoka Unguja kwenda maziwa makuu katika miaka ya 1857 hadi 1859, aliongeza mwishoni mwa kitabu chake cha mwaka 1860 orodha ndefu ya nguo na ushanga, akitaja kwamba aina za ushanga zilikaribia 400, na kwamba rangi inayofungua njia katika nchi moja hukataliwa kabisa katika nchi ya pili. Orodha ile husomwa siku hizi kama kioja cha msafiri, nami naona ndiyo sehemu yenye manufaa kuliko zote katika kitabu chake, maana mwandishi aliyewadharau sana watu wa nchi hizi hapo alilazimika, kwa kuwa mizigo ilikuwa ni yake, kuandika kwa insafu wanachokitaka na wanachokikataa.

Kulikuwa pia na majaribio ya soko kwa maana yake kamili, na mfano wake mkubwa ni wa kauri. Katika miaka ya 1840 Adolf Jacob Hertz, mfanyabiashara wa Hamburg, alitaka kujua kama kauri za pwani yetu, zilizo kubwa na rahisi kuliko zile za visiwa vya Maldivi, zingekubaliwa kuwa fedha katika Afrika ya Magharibi. Akapeleka shehena, zikakubaliwa, na nyumba ya O'Swald, ya Hamburg vile vile, ikaingia katika biashara hiyo kwa nguvu zote. Kauri zilizokuwa zikitupwa na mawimbi zikapata bei. Jaribio lilifaulu kupita kiasi: shehena zilimiminika miaka mingi mpaka kauri ikapoteza thamani kule ilikopelekwa, na wenye akiba za kauri wakajikuta wamebaki na makaka. Hakuna aliyekuwa amewauliza hao.

Lakini kilichoikamilisha kazi ya kuuliza katika pwani hii ni kanga. Wanawake wa Unguja na Mombasa, katika miaka ya 1870 na 1880, walizoea kununua leso za rangi zikiwa bado zimeungana katika jora, wakazikata na kuziunganisha sita sita kuwa nguo moja ya kujitanda. Wenye maduka wakaona, wakaagiza nguo hiyo ichapwe ikiwa nzima, yenye pindo na mji, na baadaye yenye jina. Viwanda vya Ulaya vilivyopokea kazi hiyo, miongoni mwavyo P.F. van Vlissingen wa mji wa Helmond nchini Uholanzi, havikuwa na mtu hata mmoja aliyemwona mwanamke wa Pate akiipindua kanga dukani, lakini vilikuwa na madaftari. Katika ukurasa wa daftari la namna hiyo kimegandishwa kipande cha nguo kisichozidi kiganja, pembeni yake pana nambari, na kutoka ukurasa mmoja hadi wa pili unaona ua lile lile likibadilika kidogo kidogo, doa limeongezwa, nyekundu imekolezwa, pindo limepanuliwa, kama kwamba mtu asiyeonekana amesimama nyuma ya mchapaji na kumwambia, sivyo, rudia.

Mtu huyo asiyeonekana ndiye ninayemtafuta. Sauti yake ilisafiri kwa njia ndefu. Ilianza kwa mwanamke aliyeitazama kanga, akaishika pindo, akairudisha. Mwenye duka dogo kijijini akalipeleka neno hilo Amu kwa tajiri wake, ambaye aghalabu alikuwa ni Mhindi, Bohora au Banyani. Tajiri akalifikisha Unguja au Mombasa. Na kutoka hapo, baada ya Mfereji wa Suez kufunguliwa mwaka 1869 na meli za posta kuanza kufika Unguja mwaka 1872, likavuka bahari ndani ya bahasha pamoja na mchoro. Mwaka 1879 waya wa simu ya chini ya bahari ukafika Unguja, na neno likaweza kwenda kwa siku moja, ingawa jora lenyewe liliendelea kuja polepole. Hatari yote ya biashara ilikuwa katika tofauti hiyo ya mwendo. Kanga iliyochelewa ilikuta wanawake wamekwisha kuhamia kwenye ua jingine, na mali iliyopitwa na mtindo iliuzwa kwa hasara au ikasukumwa bara, mahali ambapo, kwa kiburi cha watu wa pwani, ilidhaniwa kwamba hawajui. Kisutu peke yake, kanga yenye wekundu, weusi na weupe wake, kilidumu bila kubadilika kwa kuwa kilikuwa ni nguo ya harusi, na wenye viwanda walikishukuru, bila shaka, kwa kuwapa jambo moja la hakika.

Mjini Mombasa duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanza mwaka 1887 na kanga zake kujulikana kwa chapa ya Mali ya Abdulla, liliifupisha njia hiyo ndefu kwa hekima iliyo wazi: aliyetunga alikaa karibu na aliyevaa. Majina ya kanga yaliandikwa kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa herufi za Kirumi, na mwenye duka aliyekuwa akisikiliza maneno ya barazani na jikoni alijua mapema kuliko mchapaji wa Helmond ni neno gani litanunuliwa kwa sababu lina mtu wa kupelekewa. Baadaye kazi ya kuchapa ilihama, ikaenda Japani na India, na baada ya uhuru ikarudi kwa sehemu nyumbani, katika viwanda vya Kenya na kile cha Urafiki cha Dar es Salaam kilichofunguliwa mwaka 1968; lakini kazi ya kusikiliza haikuhama hata kidogo.

Ukiziweka pamoja kazi za wakala wa Unguja wa miaka ya 1880, wa nyumba kama ile ya O'Swald au ya Hansing, utakuta ni kazi za meneja wa mradi wa leo, ila jina. Alipokea swali kutoka kwa mwenye mali aliyekuwa mbali na asiyelijua soko. Aliligeuza swali hilo lipate kuulizika. Alichagua nani aulizwe, kwa kawaida wale walio karibu na duka. Aliwategemea watu wa kati ambao kila mmoja alikuwa na maslahi yake. Alikadiria gharama na muda, akakosea muda. Kisha akaandika jawabu kwa lugha ambayo mwenye mali angeifahamu, akificha humo kiasi cha mashaka yake. Tofauti ni moja, nayo ni nzito. Wakala yule alikuwa akiuliza kwa kulazimishwa. Hakuna kanuni ya sampuli iliyompeleka visiwani. Kilichompeleka ni ukataaji wa wanunuzi, nguo zilizorudi, jora lililooza. Wanawake wa kisiwani hawakuhitaji kuwa wengi ili wasikilizwe. Ilitosha wasinunue, na yule wa kijiji kidogo aliporudisha kanga, kurudisha kwake kulihesabiwa sawasawa na kwa yule wa mjini.

Upande wa mikoko mambo yaligeuka bila mtu kuuliza wala kuulizwa. Mwaka 1932 serikali ya kikoloni iliitangaza mikoko ya Kenya kuwa msitu wa hifadhi, ikawa kukata kwahitaji leseni. Mwaka ule ule 1932 mafuta yakapatikana Bahrain, yakafuata ya Kuwait mwaka 1938, na kuanzia mwaka 1946 Kuwait ikaanza kuyasafirisha. Matukio hayo mawili hayajuani, lakini yaliingia katika daftari moja la mkataji wa Pate. Mali ya mafuta ilinunua saruji na chuma, vyumba vya Kuwait vikapanuka kupita urefu wa boriti, na habari hiyo, ambayo mchunguzi wa soko yeyote angeliweza kuiandika katika kurasa mbili, ilifika visiwani kwa namna nyingine: majahazi ya kaskazi yalipungua mwaka hata mwaka, na malundo ya mazio na boriti yakakawia mchangani. Mwaka 1982 serikali ya Kenya ikapiga marufuku kupeleka miti ya mikoko nchi za nje, na biashara iliyokuwa imekwisha kudhoofika ikafungwa kwa amri. Waulizaji wote wa karne iliyotangulia walikuja kujua watu wa pwani watanunua nini; kujua watu wa pwani watauza nini, na kwa nani baada ya Ghuba kujitosheleza, haikuwa kazi ya ofisi yoyote.

Wakati huo ofisi zenyewe zilikuwa zimeanza kuzaliwa. Sensa ya mwaka 1948, ya kwanza iliyofanywa kwa utaratibu wa kitaalamu katika Afrika ya Mashariki yote, iliwapa wachunguzi kitu ambacho wakala wa Unguja hakuwa nacho kamwe, yaani hesabu ya watu ambayo mtu aweza kuchukua fungu lake na kusema fungu hili lawawakilisha wote. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Gordon Wilson, mwanaanthropolojia aliyekuwa mtumishi wa serikali ya Kenya, aliongoza uchunguzi wa hali ya jamii ya Mombasa, na mapema katika miaka ya 1960 akawa nyuma ya Marco Surveys ya Nairobi, kampuni iliyopima maoni ya watu wakati nchi ilipokuwa ikielekea uhuru, na ambayo ilichapisha vile vile kitabu cha wasifu wa watu mashuhuri wa Afrika ya Mashariki kwa miaka ya 1963 na 1964. Kampuni nyingine zilifuata, nyingine zikanunuliwa na za ng'ambo, na sheria zikafuata kampuni: sheria ya mwaka 2012 juu ya kutangaza kura za maoni ya uchaguzi, na sheria ya mwaka 2019 ya kulinda data za watu. Haya napita haraka, kwa kuwa yameandikwa mahali pengine na kwa sababu Chundwa haimo ndani yake.

Na kutokuwamo kwake si kwa chuki ya mtu, ni kwa hesabu. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Kenya nzima watu 47,564,296, kaunti ya Lamu watu 143,920, na Lamu Mashariki, ambayo ndani yake imo Chundwa, watu 22,258. Meneja wa mradi mjini Nairobi anapopewa kazi ya kuwauliza watu 2,000 wa nchi nzima, nayo ni hesabu ya kawaida, akayagawa mafungu kwa uadilifu kila mahali kwa kadiri ya watu wake, kaunti ya Lamu yote itapata watu sita, na Lamu Mashariki haitatimiza mtu mmoja. Zaidi ya hayo, mahojiano hayatawanywi mmoja mmoja. Hukusanywa kituo kimoja kimoja, watu wanane au kumi pamoja, ili gari moja na msimamizi mmoja watoshe. Basi Lamu ikipata kituo hupata kimoja, na kituo hicho, kwa bahati ya nambari na kwa mapenzi ya bajeti, kitaangukia Mpeketoni au Hindi au Amu, mahali panapofikika kwa barabara au kwa mashua moja fupi. Kisha katika ripoti jedwali litasema “Pwani”, na mtu wa Chundwa atakuwa amesemewa na mtu wa Kisauni, Mombasa.

Siwalaumu wasimamizi hao kwa hesabu, kwa maana hesabu yao ni sahihi na tena ni ya haki kwa namna yake. Na utafiti mkubwa wa serikali wenyewe, ule wa idadi ya watu na afya, ulilazimika kungoja mpaka mwaka 2003 kuifikia nchi yote pamoja na kaskazini mwake. Ninachokiona ni kwamba kipimo kimebadilika chini ya miguu ya watu. Zamani kijiji kilisikika kwa sababu kilinunua na kukataa. Sasa husikika kwa wingi wa vichwa vyake, na vichwa vya Chundwa ni vichache.

Itokeapo kwamba mteja ana haja mahsusi na visiwa hivi, mathalan muuzaji wa mashine za boti au wa nyavu, au benki inayotaka kujua wavuvi huweka wapi fedha zao, ndipo meneja hujifunza kazi yake upya. Hojaji iliyotungwa Nairobi humwuliza mhojiwa, “Mapato yako ya mwezi ni kiasi gani?” na jibu la mvuvi mzee kwa kijana anayemhoji huwa ni swali: “Mwezi upi, mwanangu, wa kusi au wa kaskazi?” Hana mzaha. Mavuvi hufuata bamvua na maji mafu, si tarehe. Katika miezi ya kusi kali chombo hukaa pwani siku nyingi, na katika kaskazi wanaume huenda dago, wakapiga kambi mbali na kijiji kwa wiki kadhaa. Ukifika wakati huo na jedwali la kuchagua nani aulizwe ndani ya nyumba, lile lililotungwa na Leslie Kish mwaka 1949 na linalotumiwa duniani kote, jedwali litamtaja mwanamume ambaye hayupo, nawe umeagizwa urudi mara tatu, na marejeo matatu Chundwa ni mambo ya siku tatu za malazi. Meneja anayeijua nchi hulipanga zoezi lake kwa kalenda ya mwezi mwandamo, huwaweka wanawake wahoji wanawake, humtangulizia salamu chifu na wazee wa mtaa, na huwachukua wahojaji kutoka Faza na Kizingitini walio na elimu ya sekondari na ulimi wa Kibajuni, ili neno la hojaji lisikike kama neno la jirani. Katika bajeti yake, mahali penye “usafiri”, haandiki lita za petroli za gari. Huandika mashua, Mtangawanda, pikipiki, na siku moja ya akiba ya kungoja maji Mkanda. Mteja huiona siku hiyo ya akiba, huikata, kisha huilipa mara mbili.

Vifaa vipya vimepunguza baadhi ya taabu hizi. Sensa ya mwaka 2019 ilifanywa kwa vishikwambi, na kampuni za utafiti zilikuwa zimekwisha kuviacha vitabu vya karatasi. Jawabu huondoka kijijini siku ile ile, na msimamizi wa Nairobi huweza kuona kama mhojaji alisimama kweli mlangoni au alikaa kivulini akajaza mwenyewe. Wengi wamekwenda mbali zaidi wakaacha milango kabisa, wakawapigia watu simu. Njia hiyo ni rahisi na humfikia mtu wa Chundwa bila mashua, ila humfikia yule mwenye simu iliyowashwa, na aliye dago hupatikana akirudi.

Swali la kuulizwa lilipanda daraja katika visiwa hivi kwa sababu ya bandari mpya. Mradi wa LAPSSET, ambao bandari hiyo ni sehemu yake, ulizinduliwa Lamu mwezi wa Machi 2012, na gati la kwanza likafunguliwa mwezi wa Mei 2021. Kati ya tarehe hizo mbili, mwaka 2018, Mahakama Kuu ilihukumu kwamba watu wa Lamu hawakushirikishwa wala kupewa habari ipasavyo, na ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Wapima soko hawakuwa washitakiwa katika kesi ile, lakini nadhani wangefanya vyema kuisoma hukumu yake kabla ya kuvuka Mkanda, kwa maana mtu aliyeshinda mahakamani kwa kuwa hakuulizwa hutaka kujua, kabla hajafungua kinywa, wewe unayeuliza umetumwa na nani na jawabu lake litakwenda wapi. Malipo ya namna hiyo yanahitaji orodha, na orodha inahitaji mtu aamue mvuvi ni nani: mwenye chombo, au anayepanda chombo cha mwenziwe, au mwanamke anayenunua samaki ufukweni na kuwakausha. Kazi ya kuwatambua wavuvi katika pwani ya Kenya iko mikononi mwa vikundi vya usimamizi wa fukwe, vilivyowekewa kanuni mwaka 2007, ambavyo huandikisha watu, vyombo na zana. Na meneja wa mradi anayetumwa leo kisiwani Pate, akiwa anaijua kazi, huanza hapo, kwa kuomba kwa adabu aonyeshwe daftari hilo, kabla hajalitazama la sensa.